Ya Juu Iende Juu

Mzee alikuwa akiitikia kwa kuchelewa. Hilo ndilo jambo la kwanza nililoliona kwake, kabla sijaambiwa kwamba masikio yake yamechoka. Watu wakikaa kwenye mkeka kunywa chai, mmoja akatoa mzaha, wote walicheka. Yeye alipitisha macho haraka kwenye nyuso zao, ndipo naye akacheka. Akiulizwa swali alitikisa kichwa na kusema, "Eeh, eeh," nusu pumzi baada ya wakati wake. Mgeni angedhani ni mtu anayepima sana maneno kabla ya kujibu. Mimi nilidhani hivyo kwa siku nyingi.

Nimekaa miji mingi tangu hapo. Kukaa kwenyewe sikujui. Nikishazoea duka la kununulia sukari, miguu huanza kuniwasha. Lakini mtu akiniuliza niliishi wapi, si nilipita wapi, jibu langu ni Isiolo, miaka ile ya mwanzo wa themanini, katika nyumba ya mabati yenye ua wa matawi ya miiba huko Wabera, karibu sana na msikiti.

Nilifika kwa sababu ya chuma kilichokatika. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne miaka kadhaa nyuma, nimejaribu ukarani, nimejaribu kuuza viazi, na sasa nilikuwa juu ya lori tupu la mifugo nikielekea Moyale, kwa kuwa sikuwa nimewahi kufika Moyale. Tulipoingia Isiolo springi ya nyuma ikakatika. Dereva, mtu mnene mwenye kicheko cha karibu, alishuka, akainama kuitazama, akajipangusa vumbi usoni kwa ncha ya kilemba.

"Moyale imekukataa, bwana," akaniambia. "Twende kwa ndugu yangu tunywe chai. Ana kijana yake anaongea na waya. Nyinyi watu wa shule mtaelewana."

Ndugu yake, mkubwa wake kwa miaka mingi, ndiye Mzee. Huyo kijana wa Mzee ndiye nitakayemwita fundi, maana mji mzima ulimwita hivyo.

Mzee alinipa mkono akiwa ameketi. "Salaam aleikum. Umetoka Kenya?"

Watu wa Isiolo walisema hivyo wakati ule. Ukipanda upande wa mlima, kuelekea Meru na Nanyuki kwenye baridi na viazi, umekwenda Kenya. Nikasema ndiyo, nimetoka huko. Tangu siku hiyo nikawa Mkenya. "Mkenya amekula?" "Mkenya analala wapi?" Mkenya alilala katika chumba cha fundi, katikati ya maspika. Springi ikatengenezwa, lori likaenda Moyale, mimi nikabaki.

Fundi alikuwa rika langu, mwembamba, wa kuvaa kikoi na shati la mikono mirefu hata jua likiwa kali. Alitengeneza redio za watu, na alikodisha vyombo vya sauti: harusi, mikutano ya harambee, hata wahubiri waliokuja na hema zao. Mtu akimuuliza Mwislamu anatafuta nini kwa wahubiri, alisema betri haina dini. Mimi nikawa mwenzake wa kazi. Nilibeba, nilikunja waya, niliweka maji kwenye betri, na kwa kuwa nilikuwa na Kiswahili cha kidato cha nne, mimi ndiye niliyesema "moja, mbili, tatu" mbele ya maiki, na watoto wote wa Wabera wakaniigiza.

Vyombo vyake havikuwa kama vya watu wengine. Wengine walikuwa na amplifaya moja na pembe moja kubwa ya bati iliyofungwa juu ya paa, na sauti iliyotoka humo kila mtu aliijua: kama mtu anayesema huku amebanwa pua. Fundi alikuwa amekusanya amplifaya tatu kuukuu, kila moja kutoka mahali pake, zote za kutumia betri ya lori. Alikuwa pia na spika za aina tatu: sanduku kubwa lenye spika pana kama sinia, sanduku la kadiri, na pembe mbili ndogo, kila moja kama ngumi ya mtu. Kati ya maiki na zile amplifaya aliweka sanduku la chuma la kijani lililokuwa la risasi. Aliliokota kwa wauza vyuma vikuukuu huko Burat, karibu na kambi ya jeshi. Ndani yake alikuwa amechomelea vidude vidogo vingi, vya rangi rangi kama shanga za wanawake wa Kiturkana. Sanduku hilo tuliliita mgawaji.

Kazi ya mgawaji ilikuwa kupokea sauti moja na kuitoa tatu. Sauti nene, ile unayoisikia kifuani, ilitoka kwa waya wake ikaenda kwa amplifaya yake na sanduku lake kubwa. Sauti ya kati nayo ilikuwa na njia yake. Na sauti nyembamba, ile ya s na sh na t na k, ile ya kijiko kikigonga kikombe, ilienda kwa pembe ndogo. Katika spika za kawaida mgawanyo huo hufanyika mwishoni, ndani ya sanduku, na kidude kimoja hukaa kama bawabu mbele ya spika ndogo, kuzuia sauti nene isiingie ikaiua. Fundi alikuwa amewafukuza mabawabu.

"Kazi imeshafanywa huku mbele," aliniambia. "Bawabu wa nini tena? Anakula sauti bure."

Faida yake ni kwamba ungeweza kuongeza sauti moja bila kugusa nyingine. Hatari yake ni kwamba mtu akichanganya waya, pembe ndogo itamezeshwa sauti nene mlango ukiwa wazi, na itakufa hapo hapo. Kwa hiyo tuliandika kila waya kwa rangi nyeupe. J ilikuwa sauti ya juu, yaani nyembamba. K ilikuwa ya kati. C ilikuwa ya chini, nene. Ndivyo vitabu vyake vilivyosema, ya juu na ya chini, nasi tukasema hivyo hivyo, wala hatukuona ubaya.

Siku moja alasiri fundi alikuwa akijaribu pembe zake uani. Alikuwa amezima sauti nene na ya kati, akaacha nyembamba peke yake, na kwenye maiki ameegemeza redio iliyokuwa ikisoma habari. Kwetu sisi ilikuwa mbu kwenye kopo. Sikuelewa hata neno. Mzee alikuwa kwenye kigoda chake kando, anasokota kamba ya kufungia ndama, kama alivyofanya kila siku tangu alipoacha kwenda kwenye soko la mifugo. Alikuwa ameacha kwa sababu ya masikio. Mfanyabiashara wa ng'ombe asiyesikia bei ni ng'ombe mwenyewe, alisema mara moja, naye hakucheka.

Mzee akainua kichwa.

"Anasema mvua imefika Marsabit," akasema.

Tukatazamana. Fundi akakimbia kuwasha zile sauti mbili nyingine ili naye asikie. Sauti ya msomaji ikajaa ua, nzuri, nzito, ya mtu aliyeshiba. Uso wa Mzee ukajifunga.

"Mmemfukuza," akasema.

Fundi akazima tena nene na ya kati. Mbu akarudi. "Sasa, Aba?" akamwuliza baba yake.

"Sasa amerudi. Anataja bei ya mahindi."

Ilituchukua muda kuelewa. Miaka yote watu walikuwa wakimpigia Mzee kelele. Tunapopiga kelele sauti nene ndiyo inayokua, ile nyembamba inabaki palepale, na masikio yake yalikuwa yamepoteza nyembamba tu. Alisikia kwamba mtu anasema, hakusikia anasema nini. "Maneno inakuja bila meno," alijaribu kutueleza. Kisha akapata njia yake mwenyewe. "Nyinyi mkinipigia kelele mnaniletea ngamia. Ngamia namsikia, ngamia ni mkubwa. Mimi nataka mbuzi."

Tulicheka sana, naye akacheka, kwa kuchelewa.

Baada ya mvua za mwaka huo binti yake wa mwisho alichumbiwa na kijana wa Garbatulla. Alikuwa msichana mwenye ulimi, mshonaji, na ndiye pekee nyumbani ambaye hakumpigia Mzee kelele. Alikaa karibu na sikio lake la kushoto akasema polepole, na asiposikika alirudia bila kuchoka. Mzee alikuwa amewaoza dada zake wakubwa kwa kinywa chake mwenyewe, mbele ya watu, kama walii wao, msimamizi wa ndoa. Sasa dereva, ndugu yake, aliona tofauti. Alilisema jambo hilo kwenye mkeka, mbele ya Mzee, kwa sauti ya kuita lori lililokwama.

"Ndugu yangu! Siku ya nikahi Sheikh atauliza swali! Wewe hutasikia, utaaibika mbele ya wageni! Mimi nitasimama wakili wako! Sawa?"

Mzee alipitisha macho kwenye nyuso zetu. Hatukuwa tunacheka. Akatikisa kichwa.

"Eeh, eeh," akasema.

Basi, ikawa yamekwisha. Dereva akamshika bega, akaenda zake ameridhika. Hakuwa na nia mbaya, nataka hilo lieleweke. Alimpenda kaka yake, na alikuwa mtu wa kuchukua usukani kila anapouona uko wazi.

Jioni hiyo binti alikaa kwenye sikio la kushoto akamweleza baba yake alichokubali. Nilikuwa nakunja waya kando yao. Sijawahi kumwona Mzee akisimama haraka namna ile.

"Nani alisema nimekubali?"

"Wewe, Aba. Ulisema eeh."

"Hiyo eeh ni ya adabu! Hiyo si eeh ya ndiyo!" Kamba ikamtoka mkononi. "Nimewaoza dada zako mimi. Wewe ndiye wa mwisho. Nikuoze kwa mdomo ya mtu mwingine, mimi niko hapo nimekaa kama gunia?"

Asubuhi yake walikwenda kwa Sheikh, Mzee, fundi na dereva, nami nikafuata nyuma. Sheikh alikuwa mtu mpole mwenye sauti iliyotoka chini kabisa ya kifua, ngamia mtupu. Alisema dini haimkatazi mtu mwenye masikio mazito kumwoza binti yake. Lakini lazima asikie swali na ajibu kwa maneno yake. "Sitafunga ndoa kwa kutikisa kichwa," alisema. "Akijibu, nitamfuata yeye. Asipojibu, nitamgeukia ndugu yake, na hakuna aibu."

"Aibu iko," alisema Mzee, fundi alipomrudishia maneno hayo sikioni.

Tulipofika nyumbani fundi alikaa mbele ya mgawaji na kuuweka mkono juu yake kama mtu anayepima homa.

"Tutampa mbuzi," akasema.

Mpango ulikuwa rahisi. Wageni wote watasikia kwa sauti zote tatu, kama kawaida. Lakini zile pembe mbili ndogo hazitakaa juu ya masanduku. Zitawekwa chini, kwenye mkeka, zielekezwe sikio la kushoto la Mzee, na sauti nyembamba itaongezwa. Tulijaribu nyumbani siku kadhaa. Nilisoma mbele ya maiki chochote nilichopata, hata maandishi ya pakiti ya majani chai, naye Mzee akanirudishia neno kwa neno, akaanza hata kunikosoa matamshi. "Sema dhahabu, Mkenya. Usiseme thahabu. Watu wa mlimani mna meno mingi."

Siku ya harusi upepo ulikuwa ule wa Isiolo, unaobeba mchanga na kuuweka ndani ya chai. Turubai lilikuwa likipiga kama nguo ya mtu anayekimbia. Dereva alileta lori lake, akaliegesha kando ya turubai likinge upepo, wazo zuri, na fundi akafurahi akasema masanduku mawili, la kadiri na lile kubwa, yapande juu ya lori, wageni wa nyuma wasikie. Kwa kawaida mpangilio wetu ulikuwa sanduku kubwa chini, la kadiri katikati, pembe ndogo juu. Siku hiyo ukawa kichwa chini miguu juu: kubwa juu ya lori, pembe chini kwenye mkeka. Hakuna aliyelifikiria hilo.

Mimi nilikuwa nimeng'ang'ania kamba ya turubai kwa mikono miwili. Fundi alikuwa chini ya meza, kichwa ndani ya nyaya za betri. Dereva alikuwa amesimama juu ya lori, kanzu nyeupe imejaa upepo, na nyaya zimemning'inia mkononi. Ni mtu aliyefunga betri maisha yake yote, na waya haumtishi.

"Kijana! Hii waya iende wapi?"

"Imeandikwa nini, baba mdogo?"

"J!"

"Hiyo ni ya juu!" akaita fundi kutoka chini ya meza. "Ya juu iende juu!"

"Na hii C?"

"Ya chini hiyo!"

Dereva akachomeka J kwenye sanduku kubwa lililokuwa karibu na magoti yake, juu ya lori. C akaishusha, akaruka akaifuata, akaichomeka kwenye pembe ndogo chini, kwenye mkeka. K ilikwenda panapostahili, maana katikati ni katikati. Alikung'uta mikono akiwa ameridhika na kazi yake.

Fundi akatoka chini ya meza, akawasha, akachukua maiki. "Moja," akasema.

Kukatoka mlio mmoja mfupi, kama kijiti kikivunjika, halafu harufu. Fundi hakufika mbili. Kwenye mkeka pembe zote mbili zilikuwa kimya, na kutoka juu ya lori lile sanduku kubwa la ngamia lilikuwa likinong'ona, s, s, s.

Nikaachia kamba. Fundi alikuwa tayari amepiga magoti, akaifungua moja ya pembe kwa bisibisi. Ndani yake utando mwembamba ulikuwa mweusi. Hazikupatikana Isiolo, pembe hizo. Labda hazikupatikana hata Nairobi kwa siku hiyo.

"Umeniua, baba mdogo," akasema taratibu.

"Mimi?" Dereva alifungua mikono. "Umesema ya juu iende juu, nimeweka juu! Umesema ya chini, nimeweka chini! Nimekosea wapi? Niambie!"

Hakuna aliyemwambia, kwa kuwa hakuwa amekosea. Lakini watu walikuwa wakitazamana. Yeye ndiye angekuwa wakili Mzee asiposikia, na kila mtu pale alilijua hilo, naye aliona wanavyomtazama, akaanza kutoa jasho.

Mzee hakuwa amesikia lolote. Alikuwa ameona nyuso zetu. Akamwashiria fundi amletee kile alichoshika. Aliushika utando mweusi, akaunusa.

"Mbuzi amekufa," akasema.

Fundi akamweleza sikioni, akionyesha lori, akionyesha mkeka, juu, chini. Mzee alisikiliza hadi mwisho. Kisha akacheka, kicheko cha kweli.

"Mwacheni ndugu yangu. Hata mimi ningeweka hivyo. Juu ni juu." Akamgeukia fundi. "Wewe ndiye umeita mbuzi 'juu.' Mbuzi anakaa juu wapi?"

Wiki iliyofuata tulizifuta J, K na C. Fundi alichukua rangi nyekundu akapiga chapa kwenye kila waya na kila sanduku, kama Waborana wanavyopiga chapa mifugo: nundu kwa sauti nene, pembe za ng'ombe kwa ya kati, ndevu za mbuzi kwa nyembamba. Hakuna aliyekosea tena, hata watoto. Lakini hayo ni ya baadaye. Siku ile barabarani tulisikia honi za wageni wa Garbatulla wakiingia mjini.

"Redio yangu iko wapi?" Mzee akauliza.

Ilikuwa ikining'inia msumarini chumbani kwake, imefunikwa kitambaa. Hakuwa ameiwasha tangu masikio yalipomwacha, lakini hakumruhusu mtu kuichukua. Nilikwenda nikaileta. Fundi aliipokea, akaelewa, akasita. Spika ya redio ile ilikuwa kama kiganja cha mtoto. Ukiipa sauti nzima ya amplifaya ingepasuka. Ila mgawaji angeipa nyembamba tu, na kwa kiasi kidogo ingestahimili.

"Nikiitoa haitarudi vizuri, Aba."

Mzee aliona midomo, au aliona kusita. "Kata," akasema. "Imenyamaza miaka yote hiyo. Leo iseme."

Fundi akakata. Mimi nikamwaga majani chai yaliyobaki kwenye kopo, tukaiingiza spika mdomoni mwa kopo, tukazungushia kitambaa isicheze. Safari hii fundi alizichomeka nyaya zote mwenyewe, na dereva akasimama mbali amefunga mikono nyuma, kama mtu aliyekatazwa kugusa chakula. Kopo tukaliweka juu ya mto, upande wa kushoto wa Mzee, shali yake ikalifunika. Aliyekuwa hajui angeona mzee ameegemea mto, basi.

Wageni wakaketi. Bwana harusi akaketi mbele ya Mzee, goti kwa goti, mkono ndani ya mkono. Sheikh akaketi kati yao, maiki imesimama mbele ya kidevu chake, na dereva akajibana ubavuni mwa Sheikh, mahali pa wakili, ikiwa atahitajika. Mimi nilikuwa nyuma kabisa, kwenye betri. Nilichoona ni hiki: kabla Sheikh hajaanza, dereva alimwinamia sikioni akanong'ona. Kwetu sote, kutoka juu ya lori, ilikuwa pumzi tu, kama upepo umegusa maiki.

Mzee akainua kidevu.

"Usimtazame yeye, Sheikh," akasema. "Nitazame mimi. Na leo sitasema eeh, eeh."

Turubai zima likageuka. Baadaye dereva alikiri alichonong'ona, naye aliisimulia hadithi hiyo kuliko mtu yeyote: "Sheikh, swali unitazame mimi, huyu ataitikia tu, eeh, eeh." Fundi alinieleza sababu usiku tukipakia vyombo. Mnong'ono hauna unene wowote. Ni nyembamba tupu, mbuzi mtupu. Kati ya maneno yote yaliyosemwa siku hiyo, yale ambayo dereva aliyaficha zaidi ndiyo yaliyomfikia kaka yake wazi kabisa.

Sheikh alitabasamu ndani ya ndevu. Hakuinua sauti. Alisoma hotuba yake, kisha akauliza kwa sauti ile ile ya kifuani, bila haraka, kama anavyouliza mtu yeyote:

"Umeridhia kumwoza binti yako kijana huyu, kwa mahari mliyoelewana?"

Neno la mwisho lilikuwa bado halijatua.

"Nimeridhia," akasema Mzee. Akamgeukia kijana, akaubana mkono wake. "Nimekuoza binti yangu, kwa mahari tuliyoelewana, na kwa sharti usimpigie kelele."

Kijana alikubali yote mawili. Watu wakacheka, Sheikh akacheka, na nje wanawake wakapiga vigelegele, nami nilimwona Mzee akikunja uso na kuweka kiganja juu ya kopo. Vigelegele ni nyembamba pia. Fundi akarudisha nobu ya sauti chini mbio.

Dereva alikuwa akijifuta macho kwa kilemba. "Ametudanganya huyu," alimwambia kila aliyekuwa karibu. "Miaka yote anasikia!"

"Mlikuwa mnaniletea ngamia," akasema Mzee.

Baada ya kula, wageni walianza kupakia mizigo ya bibi harusi. Jua lilikuwa limelegea na upepo umetulia. Chini ya turubai walibaki watu wachache, kisha hakubaki mtu ila Mzee, ambaye alikuwa hajauacha mto wake. Binti alitoka ndani amejifunika, mikono imejaa hina, akaja kumuaga. Alizunguka kwenda upande wa kushoto, mahali pake pa siku zote, akakuta kopo limekaa hapo. Akasimama.

Fundi alimwonyesha maiki mezani.

Aliketi nyuma ya meza, hatua chache kutoka kwa baba yake, akaishika maiki kama mtu anayeshika kikombe cha moto. Akatutazama. Mabati ya majirani yalikuwa karibu, na lori lilikuwa na masikio ya watu wa Garbatulla pande zote. Fundi akaniashiria kwa kidole. Nikamzima ngamia. Nikamzima ng'ombe. Nikamwacha mbuzi peke yake, ndani ya kopo la majani chai, chini ya shali.

Kisha tukaondoka sote wawili kwenda kukunja waya upande wa pili wa lori, na kwa hiyo sijui alisema nini. Nilichungulia mara moja tu. Binti alikuwa akisema taratibu, midomo karibu na maiki, na Mzee alikuwa akicheka, naye hakuwa amemtazama mtu yeyote usoni kwanza.